Zamu, kufuli mbili na gololi: niliyojifunza katika ugomvi wa maji Usangu

Haya nayaandika kwa ajili ya makatibu na wenyeviti wa jumuiya za watumia maji, na kwa yeyote ambaye kesho au keshokutwa ataitwa kusuluhisha watu wanaogombea mto. Nimekuwa katibu wa jumuiya ya namna hiyo kwenye kimojawapo cha vijito vinavyoingia mto Mkoji, huku Usangu, mkoani Mbeya. Kijito sikitaji, wala vijiji, kwa sababu waliopigana bado ni majirani na baadhi yao wameshakuwa wakwe.

Kwa asiyeijua Usangu: mito yetu inashuka kutoka milima ya Uporoto, inavuka barabara kuu ya kwenda Tunduma, inaingia kwenye uwanda. Juu kwenye miteremko wanalima viazi mviringo, kabichi na njegere. Katikati, jirani na barabara, ni mahindi mabichi ya kiangazi, maharage na vitunguu. Chini ni mpunga, na chini ya mpunga ni ng'ombe. Mkoji unaingia Ruaha Mkuu, Ruaha unapita kwenye ardhi oevu ya Ihefu, unatokea Ng'iriama, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuingia kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu yenye mitambo ya umeme ya megawati 80 na 204. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na kila unapokauka vidole vinaelekezwa kwetu. Mkulima wa Usangu amezoea kusikia redioni kwamba yeye ndiye aliyezima taa za Dar es Salaam. Maneno hayo yanauma, na yamewafanya watu wetu wawe wagumu kumwamini yeyote anayekuja na daftari kuuliza habari za maji.

Masika hakuna anayemuuliza mwenzake kuhusu mto. Ugomvi una msimu wake. Unaanza Agosti maji yanapopungua, unapamba moto Oktoba na Novemba, wakati watu wa chini wanataka kulowesha vitalu ili wapandikize mapema. Mpunga unaowahi kuvunwa ndio wenye bei. Wakati huohuo mwenzao wa katikati ana mahindi yaliyobeba, na akikosa maji wiki mbili tu yamekauka na ada ya shule imekauka nayo. Wote wawili wana haki, wote wawili wana haraka, na mto ni uleule.

Mwaka mambo yalipoharibika, mvua zilichelewa. Vijana wa chini walipanda usiku kwenda kubomoa banio la juu, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini, wakakuta linalindwa. Kijana mmoja alikatwa panga mkononi. Vidole vyake viwili havikunji mpaka leo. Mama yake tunapakana mashamba. Nakumbuka alivyokaa kwenye benchi la hospitali na kanga yenye damu mapajani, akisema hataki pesa ya mtu, anataka maji yafike ili mwanawe asirudi tena kule usiku. Sijasikia mtu mwingine aliyeueleza ugomvi ule vizuri kuliko yeye.

Kesi ilikwenda polisi, ikafika mahakamani. Kila upande ulichangisha nauli, posho za mashahidi na gharama za wakili, na fedha hizo zilitoka kwenye mbegu na mbolea. Kuna watu walilima nusu ya majaruba yao ya mpunga msimu ule kwa sababu hiyo tu. Mwisho mtu alihukumiwa, lakini maji hayakugawanywa. Mahakama ya jinai inashughulika na panga. Haina kazi na mto. Kwa hiyo nakushauri: aliyejeruhi ashitakiwe, ndiyo, lakini usikae kungoja hukumu ukidhani itakuletea maji. Anza mazungumzo ya maji wakati kesi inaendelea, na muyatenganishe kabisa, la sivyo kila kikao kitageuka kuwa kikao cha panga.

Baada ya hapo zikaja karatasi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji ni mali ya umma na anayechepusha mto kwa ajili ya umwagiliaji anatakiwa awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao makuu Iringa. Mfereji wa juu ulikuwa na kibali. Wa chini nao ulikuwa nacho. Katika kikao cha kwanza mzee wa juu alisimama akainua chake: "Hiki hapa, na risiti hizi hapa. Nimelipia maji, nani wa kunizuia?" Mwenzake wa chini akajibu kwa kuinua cha kwake. Tukarudi nyumbani na hasira zetu.

Ilichukua muda watu kuelewa kwa nini vibali havikusaidia. Kibali kinaandika kiasi cha maji, lita kadhaa kwa sekunde. Namba hiyo haibadiliki, lakini mto unabadilika. Februari lita zipo za kumtosha kila mtu na zinabaki. Oktoba ukijumlisha vibali vyote vya kijito kimoja unaweza kupata maji mengi kuliko yaliyomo mtoni. Tena hapakuwa na kipimo kwenye mabanio mengi, kwa hiyo namba ilibaki kwenye faili. Kibaya zaidi, ada ilibadilisha fikra za watu. Zamani mtu wa juu alijua kwamba anapochukua maji anamnyima fulani. Alipoanza kulipa, aliona deni lake limekwisha kwa kulipa.

Jingine ni zege. Mabanio ya asili yalijengwa kwa mawe, magogo, majani na magunia ya mchanga. Yanavuja, na kila masika yanasombwa. Wataalamu waliyaona ya kizamani, wafadhili wakajenga ya zege yenye malango ya chuma, kwa nia njema kabisa. Kumbe kule kuvuja ndiko kulikomlisha wa chini. Banio la zege linaweza kuchukua mto wote wa kiangazi pasipo kupitisha hata maji ya kunawa uso. Ukiambiwa kuna mradi wa kuboresha banio kwenye mto wenu, uliza kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa: je, chini ya lango kutaachwa njia ya maji ambayo haifungiki? Ikishajengwa, kubomoa zege ni ugomvi mwingine.

Viongozi walikuja. Tulipewa amri ya kufunga mifereji yote ya juu kwa muda. Ilifuatwa mpaka gari lililoileta lilipofika barabarani. Barua zetu kwa ofisi moja zilikaa bila majibu hadi mvua zikanyesha na kila mtu akasahau, mpaka Agosti iliyofuata.

Kilichofungua njia kilikuwa kutembea. Mzee mmoja wa mila wa upande wa chini, mtu asiyependa vikao, alisema hawezi kuzungumzia mto ambao hajauona mwisho wake. Tukakubaliana watu sita kutoka kila upande waanze chini kabisa kwenye malambo ya ng'ombe na kupanda mpaka kwenye banio la mwisho, kwa miguu, bila viongozi wa serikali na bila posho. Hilo la posho lilipunguza watu, lakini wakabaki wenye shida.

Chini, watu wa juu waliona kitu ambacho hawakuwa wamekiona. Wanawake walikuwa wamechimba visima vya mchanga ndani ya mto wenyewe, wanachota kwa bakuli na kusubiri maji yajikusanye. Bibi mmoja alimkaribisha mwenyekiti wa mfereji wa juu akae, akampa bakuli achote. Mwenyekiti alichuchumaa pale muda mrefu kwa ndoo moja. Hakuna aliyemsema, na yeye hakujitetea.

Juu, zamu ya kushangaa ilikuwa yetu. Sisi wa chini tulikuwa tunaapa kwamba mifereji ya juu inabeba maji ya anasa. Tulikuta mfereji umejaa kweli, tukaufuata, ukatupitisha mashamba yaliyokwisha kuvunwa, ukaingia kijijini na kuishia kwenye majani. Hakuna aliyekuwa akimwagilia. Tukauliza kwa nini wasifunge. Mama mmoja aliyekuwa akisuuza sufuria ukingoni akajibu: "Mkifunga, baba zangu, hapa tutakunywa nini?" Pampu ya kisima cha kijiji ilikuwa imeharibika, na mfereji ndio uliokuwa bomba lao. Maji ambayo yangelowesha vitalu vya kijiji kizima yalikuwa yanasafiri kilomita kadhaa usiku na mchana ili watu wajaze ndoo.

Hapo ndipo tulipoacha kubishana juu ya nani mlafi. Fedha ya kwanza iliyotolewa na watu wa chini kwa ajili ya amani haikwenda kwa wakili. Ilikwenda kutengeneza kisima cha watu wa juu. Wapo waliokasirika sana, wakasema tunawazawadia waliotukata panga. Nilielewa hasira yao. Lakini kisima kilipofanya kazi, lango la juu lilianza kufungwa usiku, na maji tuliyoyapata yalizidi yale tuliyowahi kuyapigania mahakamani. Sheria yenyewe imeliona hilo: matumizi ya nyumbani ndiyo ya kwanza, kisha maji yanayobakizwa mtoni kwa ajili ya mazingira, ndipo kilimo na shughuli nyingine za uchumi zinafuata. Anza na maji ya kunywa. Mtu mwenye hofu ya kiu hatafunga lango hata umwandikie mikataba mingapi.

Kwenye matembezi yale tulipima pia. Huhitaji mtambo. Chagua sehemu iliyonyooka, pima mita kumi kwa kamba, dondosha gunzi la mahindi katikati ya maji na uhesabu sekunde mpaka lifike mwisho. Pima upana na kina kwa kijiti, kisha uvizidishe na mwendo wa gunzi. Mtaalamu atakuambia hesabu hiyo ina makosa, na ni kweli, lakini kila mtu ameliona gunzi likielea, na hakuna anayeweza kusema ofisi imempendelea mwenzake. Tulifanya hivyo juu na chini ya kila banio, tukaandika kwenye bango moja ambalo pande zote ziliweka sahihi.

Halafu gololi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walileta Usangu mchezo wa bonde la mto, uliobuniwa na Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Baadhi ya wazee wetu waliukumbuka. Tukamwomba seremala atutengenezee ubao mrefu wenye mteremko, mto ukiwa umechongwa katikati na mifereji pembeni. Gololi ndiyo maji. Kila mchezaji anaweka kijiti kuzielekeza upande wake, na kila jaruba linahitaji idadi fulani ya gololi ili livunwe. Tuliwapanga kinyume: wa chini tukawaweka juu, wa juu tukawaweka chini. Raundi ya kwanza vijana wetu wa chini, walewale wa kubomoa mabanio, walikomba karibu gololi zote huku wakishangilia. Mwenyekiti wa juu, safari hii yuko mkiani mwa ubao, alibaki na gololi mbili kiganjani. Akazionyesha tu. Ukumbi ulicheka mpaka ukanyamaza. Kufikia jioni walikuwa wanajadili wenyewe nani afungue kijiti saa ngapi, na maneno waliyotumia kwenye ubao ndiyo tuliyoyaingiza kwenye makubaliano.

Makubaliano hayakugawa lita. Yaligawa saa na siku. Mto ukipungua mpaka alama tuliyoichora kwa rangi kwenye nguzo ya daraja, zamu zinaanza: mifereji ya juu mchana, ya chini usiku, na siku mbili za wiki mto unaachwa upite bila kuguswa mpaka kwa wafugaji. Mto ukipungua, kila zamu inapungua na hasara inagawanyika. Hakuna anayehitaji mhandisi kujua kama zamu imevunjwa. Anahitaji saa ya simu.

Kwenye malango mawili makubwa tulifunga kufuli mbili mbili. Ufunguo mmoja unakaa juu, mwingine chini, na lango halifunguki mpaka wote wawili wafike. Mgawa maji wa zamu ya chini anakwenda kukaa juu, analala kwa mwenyeji wa juu, anakula kwake. Analipwa na michango ya majaruba yote. Hii ndiyo gharama kubwa ya kudumu, na mahali ambapo jumuiya nyingi hukwama: watu wanatoa fedha kwa moyo mwaka wa ugomvi, mwaka wa mvua nzuri wanaona mgawa maji anakula bure. Kusanyeni mchango wakati wa mavuno, mpunga ukiwa bado uwanjani. Ukisubiri Septemba, utakuta mifuko mitupu.

Faini ipo, na tumejifunza kuifanya iwe ndogo na ya haraka. Faini kubwa hailipwi, inazaa kesi. Anayeiba zamu anakosa zamu yake inayofuata, basi. Hilo linauma zaidi ya fedha, na halihitaji mtu wa kulikusanya.

Tulipanga pia tarehe ya vitalu. Kila mtu alikuwa analoweka kitalu chake kivyake, mwingine Oktoba, mwingine Desemba, na mfereji mzima unalazimika kujaa kwa ajili ya vitalu vitatu. Sasa majirani wanaunganisha vitalu karibu na kichwa cha mfereji. Wenye mashamba makubwa walilipinga hili kuliko jambo lolote, kwa sababu kuwahi ndiko kulikokuwa kunawapa bei. Mmoja alijitoa na hajarudi. Bado anawahi, bado tunamwona, na sijui njia ya kumrudisha isipokuwa kuendelea kumwalika.

Wafugaji ndio sehemu iliyonifundisha uvumilivu. Kwa muda mrefu hawakuja kikaoni, na watu walisema Wasukuma hawa hawajali. Nilimfuata mzee wao mmoja nyumbani, jioni ng'ombe wakirudi. Alinipa maziwa, akanisikiliza, kisha akasema: kikao cha maji alichokikumbuka yeye kilifuatiwa na malori. Mwaka 2006 serikali ilipowaondoa wafugaji na mifugo Ihefu, ndugu zake walitawanyika, wengine mpaka Lindi, na ng'ombe wengi walifia njiani. Tangu hapo akiona orodha ya mahudhurio inapitishwa, haweki jina. Basi tukaacha kupitisha karatasi kwenye vikao vya upande wao. Tunakutana kwenye malambo, tunazungumza, na mwakilishi wao anakuja kutamka makubaliano mbele ya wote. Njia ya mifugo kwenda mtoni imewekewa mipaka ya miti, na mpunga unaolishiwa umepungua, ingawa haujakwisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, na tumelazimika kuwakumbusha wakulima kwamba katazo hilo linawahusu wao kabla ya ng'ombe.

Kuhusu usajili: msitishike nao, lakini msiuanze mapema. Tuliona jumuiya jirani iliyosajiliwa kwanza, ikapata mhuri na akaunti ya benki, ikagombania uenyekiti kabla haijagawa hata ndoo moja. Kwetu zamu zilifanya kazi kwa msimu mzima ndipo tukaandika katiba, tukiandika yale ambayo tayari watu wanayafanya. Maofisa wa bonde walipokuja walikuta kitu cha kusajili, na walitusaidia vizuri. Katiba isomwe kwa sauti kikaoni, kifungu kwa kifungu, na muhtasari wa kila kikao usomwe kabla watu hawajatawanyika. Nakala ya kila muhtasari ikae juu na nyingine chini.

Na wanawake wawemo kwenye kamati kwa idadi ya kuweza kubisha. Mwanamke mmoja katikati ya wanaume kumi atatumwa kuandaa chai. Kwetu wapo karibu nusu, na ndio waliogundua kwamba zamu ya usiku ilikuwa haiwezekani kwa wajane wanaolima peke yao. Wakadai saa za alfajiri zitengwe kwa ajili yao, wakapewa.

Linalotusumbua sasa ni pampu za petroli. Makubaliano yetu yanazungumzia malango na mifereji, na kijana mwenye pampu mgongoni na mpira wa mita mia hahitaji lango. Anakaa popote ukingoni, anavuta saa mbili, anahama. Wengi wao ni wakodishaji kutoka nje ya vijiji vyetu na hawakuwepo kwenye gololi wala kwenye matembezi. Kamati imependekeza anayemkodisha mtu shamba la kiangazi awajibike kwa zamu za mpangaji wake, na pampu zisajiliwe kwa mgawa maji kabla ya Agosti. Upande wa juu umekubali. Upande wa chini, ambako ndiko wamiliki wa pampu walipo wengi, bado tunajadiliana, na kikao kinachofuata kitafanyika juu.